Kiwiko cha kulia kinauma upande wa nje, najigi kila wikendi: niache au kuna namna?

ChewaMwamba

Wakuu habari za humu.

Navua kwa rodi huku Tanga, upande wa mkondo wa Pemba. Jigi (chambo cha chuma kinachoshushwa chini na kuvutwa juu kwa mivuto) za gramu 150 hadi 200, kina cha mita 60 hadi 80, ninalenga kolekole na chewa. Rodi futi 6, rili saizi 8000, uzi wa kusuka wa paundi 40. Rodi naishika kwa kulia, mkono wa kushoto unazungusha rili.

Maumivu yako kwenye nundu ya mfupa upande wa nje wa kiwiko cha kulia. Nikitulia hayasumbui. Nikiinua birika, nikifungua kifuniko cha chupa, nikipeana mkono na mtu au nikikaza ngumi, yanachoma na kushuka kidogo kwenye mkono. Asubuhi kiwiko kimekakamaa. Hakijavimba, hakuna ganzi. Usafiri wangu ni pikipiki.

Duka la dawa wamenipa diclofenac ya kumeza. Kituo kimoja wanataka kunichoma sindano pale pale kwenye kiwiko. Nimenunua pia ile soksi ya kiwiko.

Naomba mwenye ujuzi anijibu: hii ni shida ya kano (ile kamba inayounganisha msuli na mfupa) kweli? Niache kuvua? Sindano nikubali? Mkanda wa kiwiko unafungwa wapi hasa? Na kwenye vifaa nibadilishe nini?

---

FizioPwani

Mkuu, dalili zako zinaelekea kwenye kile kinachoitwa kiwiko cha tenisi, ingawa wengi wanaokipata hawajawahi kushika raketi. Hakikisha kwanza kwa majaribio manne, hayahitaji kifaa.

1. Kwa kidole gumba cha kushoto bonyeza nundu ya nje, halafu sogea sentimita moja kuelekea kwenye kifundo cha mkono. Kano ikiwa na shida utaruka hapo hapo.
2. Nyoosha kiwiko, kiganja kitazame chini, kunja ngumi, nyanyua ngumi juu kidogo. Mwenzako aikandamize chini na wewe ukatae.
3. Mkono huo huo, vidole vimenyooka, akandamize kidole cha kati peke yake.
4. Inua kiti chepesi cha plastiki kwa kushika mgongo wake, kiganja kikitazama chini, kiwiko kimenyooka.

Majaribio mawili au zaidi yakirudisha maumivu yale yale mahali pale pale, una jibu. Eksirei huwa haionyeshi kitu kwa tatizo hili. Usiilipie isipokuwa ulianguka, ulijigonga, au kiwiko kinakwama katikati hakikunjuki.

Sasa kwa nini hapo. Kuna misuli inayonyanyua kifundo cha mkono kuelekea juu, na kano yake imejishikiza kwenye hiyo nundu. Ukikaza ngumi, misuli inayokunja vidole inataka kukunja na kifundo pia, kwa hiyo misuli ya juu inalazimika kuvuta upande wa pili ili kifundo kisimame. Ndiyo maana kushika kikombe kitupu kunauma. Kwa mvuvi hili ni kubwa kuliko linavyosikika: samaki unapigana naye dakika chache, lakini rodi umeikaza saa nzima.

Kano yenyewe, ikishafika hatua ya kusumbua kwa wiki nyingi, haijawaka moto kama watu wanavyodhani. Nyuzi zake za kolajeni zimevurugika mpangilio na uwezo wake wa kubeba mzigo umeshuka. Diclofenac itapunguza maumivu, haitapanga nyuzi. Kinachozipanga ni mzigo uliopimwa, unaoongezwa polepole. Usiache kutumia mkono kabisa, maana kano isiyobebeshwa kitu inazidi kudhoofika. Usiendelee pia kama zamani.

Kipimo cha maumivu. Jipe alama kutoka 0 hadi 10. Zoezi au kazi ikifikisha 3 na kesho yake asubuhi kiwiko kimerudi kilivyokuwa, mzigo huo unafaa. Ikifika 5, au asubuhi iliyofuata ni mbaya kuliko jana, punguza. Angalia asubuhi kuliko wakati wa kazi. Kano ina tabia ya kunyamaza ikipata joto halafu inadai kesho.

Hatua ya kwanza, wiki mbili hivi: kushikilia bila kusogeza. Kaa, laza mkono juu ya meza kuanzia kiwiko hadi kifundo, kiganja kitazame chini, mkono wenyewe uning'inie nje ya ukingo. Shika chupa ya maji ya lita 1, hiyo ni kilo 1. Weka kifundo kiwe sawasawa na mkono, kisipande wala kisishuke, ushikilie sekunde 30 hadi 45. Pumzika dakika moja au mbili. Mara 5, asubuhi na jioni. Maumivu yakizidi 3, tumia chupa ya nusu lita.

Hatua ya pili: kushusha polepole. Mkao ule ule. Nyanyua kifundo kwa msaada wa mkono wa kushoto, halafu mkono mgonjwa ushushe peke yake ukihesabu hadi nne. Mara 15, seti 3, siku moja ndiyo siku moja hapana. Seti zote 3 zikiwa rahisi, ongeza nusu kilo. Baadaye acha msaada wa kushoto, nyanyua na kushusha mwenyewe. Mtu anayejigi gramu 200 asiridhike na chupa ya kilo 1. Lenga kilo 3 au 4 kwa marudio 8, seti 3. Wengi hukatizia hapa kwa sababu birika halichomi tena, halafu wanashangaa kolekole wa kwanza akiwarudisha mwanzo.

Hatua ya tatu. Rudia zoezi la pili kiwiko kikiwa kimenyooka. Ongeza nyundo ya gramu 500: ishike mwisho wa mpini, kiwiko nyuzi 90 ubavuni, igeuze polepole kiganja kitazame juu kisha chini, mara 10, seti 2. Ukizidiwa sogeza mkono karibu na kichwa cha nyundo. Na bega usilisahau: funga tyubu ya baiskeli kwenye nguzo, vuta viwiko nyuma kama unayepiga makasia, mara 12, seti 3. Bega na mgongo vikichoka, mkono wa chini ndio unaobeba kazi yao.

Muda? Wiki 6 hadi 12 kwa anayefanya kweli. Hata asiyefanya chochote, wengi hupata nafuu ndani ya mwaka mmoja, lakini mwaka ni mrefu.

Sindano. Nadhani wanakusudia ya steroidi. Inatuliza vizuri sana wiki za mwanzo, na hapo ndipo mtego ulipo. Tafiti mbili za Australia, moja ya 2006 na nyingine ya 2013, ziliwafuatilia wagonjwa mwaka mzima: waliochomwa walikuwa mbele mwanzoni, lakini mwishoni walikuwa nyuma na tatizo liliwarudia zaidi kuliko wasiochomwa. Juu ya hayo ngozi ya pale inaweza kupauka na kubonyea, na kwa ngozi zetu nyeusi doa linaonekana. Mimi singekimbilia. Sindano ya diclofenac ya makalio ni kitu kingine kabisa, usiichanganye na hii. Hiyo ni dawa ile ile ya vidonge kwa njia nyingine.

Vidonge: siku chache tu, baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, figo au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asimeze bila daktari. Na usivimeze asubuhi ukienda kushinda juani bila maji ya kutosha, figo zitalipia. Jeli ya diclofenac ya kupaka ina hatari ndogo zaidi.

Mkanda. Ule mwembamba wenye kipande kigumu ndani, si soksi. Kutoka kwenye nundu shuka vidole viwili kuelekea kifundo, kipande kigumu kikae juu ya nyama ya msuli, upande wa nje. Usifunge juu ya nundu yenyewe. Ukikunja ngumi uhisi umebanwa, ukikunjua uhisi umelegea. Vidole vikifa ganzi umekaza mno. Vaa wakati wa kazi tu, ukimaliza uutoe. Soksi inaleta joto, haina ubaya, basi.

Na hiyo pikipiki. Mkono wa kulia kwenye mafuta unashikilia kifundo kikiwa kimepinda kwenda juu safari nzima, yaani msuli ule ule. Zungusha usukani au shusha mpini kidogo ili kifundo kinyooke, na usikabe mpira wa mafuta. Kukamua nguo na kukata kuni kwa panga navyo viingize kwenye hesabu yako ya wiki.

---

BabuDau

Mtaalamu ameandika mengi, lakini kiwiko kinataka kupumzika. Miezi miwili asishike mshipi, achuliwe na mafuta ya nazi ya moto, apigwe chuku. Wazee walipona hivyo.

---

FizioPwani

Shikamoo babu. Kwenye kuchua tunakubaliana nusu: nyama ya msuli chini ya kiwiko ichuliwe, inalegea na mtu anapata usingizi. Ile nundu isisuguliwe kwa nguvu, kano imekaa kwenye mfupa na kuisaga pale kunaichokoza. Chuku sina ugomvi nayo ilimradi vifaa ni safi, ila haiongezi nguvu ya kano.

Miezi miwili ya kukaa ndiyo siikubali. Maumivu yataisha kweli, kwa sababu hakuna kinachoyachokoza. Siku atakaporudi na jigi ile ile, kano imedhoofika zaidi ya ilivyokuwa siku anaacha.

---

Nahodha_Jodari

Dada Fizio kamaliza upande wa mwili, ngoja mimi niguse chombo. Kiwiko cha mjigi kinaharibiwa na vitu vitatu: namna ya kushika, breki ya rili (ile inayoachia uzi samaki akivuta), na idadi ya mivuto.

Anza na idadi. Rili ya saizi hiyo inakusanya karibu mita 1 kwa mzunguko, na mtindo wa kawaida ni mvuto mmoja kwa mzunguko mmoja. Kina cha mita 70 ukipandisha jigi hadi juu ni mivuto 70. Ukishusha mara kumi ni 700. Sasa chewa yuko chini, na kolekole mara nyingi hushambulia kwenye theluthi ya chini. Jigi mita 20 hadi 25 za chini, fungua, ishuke tena. Kazi ya kiwiko inapungua zaidi ya nusu na hujapoteza samaki. Ukitaka kuitoa juu, zungusha tu bila kuvuta, rodi ikielekea chini majini.

Uzito: usiende na gramu 200 kwa mazoea. Chagua siku ambazo maji hayakimbii sana. Bamvua (maji makubwa) inakulazimisha jigi nzito ili ifike chini, na mkondo unaburuta uzi wote. Siku za maji mafu gramu 100 hadi 120 inatosha kwa kina hicho hicho. Uzi mwembamba pia unasaidia, kwa kuwa maji yanaushika kidogo.

Breki. Robo hadi asilimia 30 ya nguvu ya uzi. Uzi wa paundi 40 ni kilo 18, kwa hiyo breki kilo 4.5 hadi 5.4. Usikisie kwa mkono: funga uzi kwenye mizani ya kuning'iniza, pinda rodi kama unapigana na samaki, mtu avute mizani mpaka rili iachie, msome namba. Wengi wanaodhani wako kilo 5 wako 8.

Hesabu ya wenzo itakuonyesha kwa nini ni muhimu. Kitako cha rodi kiko kwenye mkanda tumboni, ncha iko mita 1.5 mbele yako, mkono wa mbele uko nusu mita kutoka kitako. Breki ya kilo 5 mkononi inakuwa 5 mara 1.5 gawanya kwa 0.5, yaani kilo 15. Breki ya kilo 8 inakuwa 24. Ukisogeza mkono mbele sentimita 10 tu, ile 15 inashuka hadi 12.5. Rodi ndefu inatupa mbali lakini inakulipisha hapa. Ndiyo maana za kujigi ni fupi.

Kushika. Kitako kiingie kwapani, kibanwe na ubavu. Kiwiko kiwe kimekunjwa karibu nyuzi 90 na kigusane na mbavu, kisielee hewani. Kifundo kinyooke: ukiangalia kutoka pembeni, mgongo wa kiganja na mkono viwe mstari mmoja. Mvuto utoke begani na magotini, unainuka na kushuka kidogo pamoja na chombo. Anayejigi kwa kupiga kifundo juu-chini, hata jigi ya gramu 80 itamtoa. Mguu wa rili upite kati ya vidole, viwili mbele viwili nyuma au kimoja mbele vitatu nyuma, dole gumba lilale kando badala ya kukandamiza juu. Jigi inaposhuka, legeza vidole kabisa. Hapo ndipo pumziko lako lilipo, na watu wengi hulitupa kwa kukaza rodi wakati hakuna kitu.

Samaki akishika, hamisha kitako kutoka kwapani hadi kwenye mkanda wenye kikombe, mkono wa mbele usogee juu kwenye sponji ya mpini, kiganja kitazame juu. Mkono ukigeuka hivyo, kazi inahamia kwenye msuli wa mbele wa mkono wa juu, na ile kano ya nje inapumua. Nyanyua rodi hadi nyuzi 45 tu, shuka huku ukizungusha. Akikimbia usimzuie, breki ndiyo kazi yake.

Unene wa mpini nao una lake. Shika rodi kama kawaida: kati ya ncha za vidole na mzizi wa kiganja ipatikane nafasi ya kidole kimoja cha mkono mwingine. Ncha zikigusa kiganja, mpini ni mwembamba na unakaza mara mbili ya inavyotakiwa. Kata tyubu ya baiskeli utepe wa sentimita 2, uizungushie ukiivuta, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, maliza kwa uzi na gundi. Ikilowa haitelezi, hilo ndilo jambo. Usizidishe, mpini mnene kuliko mkono nao unachosha.

Mwisho, osha rili kwa maji yasiyo na chumvi kila ukirudi, breki umeikaza ili maji yasipenye kwenye sahani zake, kisha ilegeze kabla ya kuihifadhi. Sahani zenye chumvi hazianzi kuteleza laini. Zinagoma, zinaachia ghafla, zinagoma tena, na kila mshtuko unafika kiwikoni.

---

MshipiMkononi

Nadandia hapa hapa. Mimi ni mshipi wa mkono, si rodi. Maumivu yangu yako upande wa ndani wa kiwiko, ule unaogusa mbavu. Kidole cha mwisho na cha pete vinapata ganzi usiku. Hayo mazoezi ya chupa yanafaa na kwangu?

---

FizioPwani

Hapana, kwako geuza. Upande wa ndani ndiko inakojishikiza misuli inayokunja vidole na kifundo, na mshipi wa mkono ni kukunja na kukaza mwanzo mwisho. Ratiba ni ile ile lakini kiganja kitazame juu, chupa ikae kiganjani, ushushe polepole ukihesabu nne. Kwa nyundo vivyo hivyo, ila uzito uwe pale kiganja kinapogeuka kutazama chini.

Ganzi ni habari nyingine. Mshipa wa fahamu unaoenda kwenye vidole hivyo viwili unapita nyuma ya nundu ya ndani, mahali pale ukijigonga umeme unapiga hadi kidoleni. Kiwiko kikikunjwa sana kwa muda mrefu, unavutika na kubanwa. Usiku zungushia taulo kwenye kiwiko na ulifunge kwa kulegea ili usilale umekikunja. Mchana usiegemeze kiwiko kwenye ukingo wa chombo. Ganzi ikiwa ya kutwa, ukianza kuangusha vitu, au nyama kati ya dole gumba na kidole cha shahada ikibonyea, usingoje. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa umwone daktari wa mifupa. Mshipa wa fahamu hausubiri wiki 12.

Na kwa wote, kinachohitaji hospitali haraka: kiwiko kuvimba na kuwa chekundu na homa juu yake, mlio wa "pa" wakati wa kuvuta ukifuatwa na mvilio na msuli wa mbele kupanda juu, kushindwa kunyanyua kifundo au vidole, maumivu yanayoanzia shingoni.

Moja zaidi ambalo hatuulizani dukani. Ciprofloxacin na ndugu zake kama levofloxacin zinaweza kudhuru kano. Marekani ziliwekewa onyo kali kwenye kasha mwaka 2008. Hapa watu wanazinunua kama peremende kwa kila tumbo na kila U.T.I. Ukiwa na kano inayouma, mwambie anayekuandikia dawa kabla hajaandika. Mgonjwa wa kisukari pia ajue kano zake hupona polepole, sukari iwe sawa.

---

Nahodha_Jodari

MshipiMkononi, angalia unene wa mshipi wako kwanza. Nailoni ya milimita 0.5 inakata mkono, kwa hiyo unakaza mara mbili ili isiteleze. Kwa kina kirefu tumia ya milimita 0.9 au 1 kwenye mshipi mkuu, na ile nyembamba iwe mita chache za mwisho karibu na ndoana. Glavu nene za ujenzi usizitumie: huhisi mshipi, unakaza zaidi. Vipande vya tyubu kwenye kidole cha shahada na cha kati vinatosha.

Vuta kwa zamu, mkono juu ya mkono, mshipi upite mbele ya kifua na si pembeni. Unaokwenda mbele ufike ukiwa wazi, ushike, kisha urudi kwa kuvutwa na bega mpaka kiwiko kifike ubavuni. Ukimaliza mvuto kwa kukunja kifundo umeshajidhuru. Kama mnavua kina cha mita 60 na kuendelea na chubwi (risasi ya kuzamisha mshipi) nzito, fungeni roda (gurudumu la kupitishia mshipi) ukingoni mwa chombo. Mshipi unaosuguana na mbao unaongeza mzigo mkononi bila faida na unajikwangua wenyewe.

---

ChewaMwamba

Shukrani sana wakuu. Majaribio yote manne yamechoma, sindano nimeshaiacha. Mawili yamebaki. Nikianza hatua ya kwanza, wikendi nikae nyumbani? Na jigi ikinasa kwenye mwamba, ndipo huwa naumia zaidi, nafanyaje?

---

FizioPwani

Usikae. Wiki za mwanzo rambaza, yaani buruta chambo nyuma ya chombo kinachotembea: rodi iko kwenye kishikio cha chombo, mkono unafanya kazi samaki akishika tu. Ukiweza kuinua kiti cha plastiki kwa maumivu yasiyozidi 2, rudi kwenye jigi ya gramu 80 hadi 100, kina kisichozidi mita 40, dakika 30 kazi na 15 kupumzika, jumla isizidi muda wa saa mbili. Siku mbili zipite kabla ya safari nyingine. Ongeza kitu kimoja kwa wakati, ama uzito, ama kina, ama muda. Ukiongeza vyote pamoja na kiwiko kikagoma hutajua kilichokigomesha.

Kabla ya kushusha uzi, dakika 5: kunja na kukunjua ngumi mara 30, zungusha vifundo, mabega, halafu mivuto kumi mepesi bila jigi. Ule mnyoosho wa kukunja kifundo kwa nguvu kiwiko kikiwa kimenyooka usiufanye wakati kano bado inachoma, unaibana dhidi ya mfupa.

---

Nahodha_Jodari

Jigi ikinasa, rodi weka chini kwanza. Kunasua kwa kurusha rodi juu ndiko kunakokata kano, na rodi zenyewe hufa hapo. Legeza uzi, mwambie nahodha azunguke hadi upande wa pili wa mwamba, mara nyingi jigi inatoka ilivyoingia. Ikikataa, zungushia uzi mara tano sita kwenye kipande cha mti cha unene wa mpini wa jembe, ushike kwa mikono miwili, au ufunge kwenye kisiki cha kamba cha chombo, mashua ivute taratibu mpaka uzi ukatike au ndoana inyooke. Uzi wa kusuka usiuzungushie mkononi hata mara moja, unafika mfupani. Na kama unapoteza jigi nyingi, weka ndoana juu tu, chini iache bila kitu. Chewa atashika vile vile.

Halafu rili yako ni ya kugeuzika: fungua kishikio, kihamishie upande wa kulia. Rodi ishike kwa kushoto nusu ya siku. Mwanzoni utaonekana mshamba, lakini kiwiko cha kulia kitakuwa kinazungusha tu.